Siti za intaneti mnazijenga kwa ajili ya nani?

KASONGO – Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo sileti habari ya mapigano wala ya barabara. Naleta lawama. Naielekeza kwa watu ambao wengi wenu hamjawahi kuwaona: wale wanaojenga siti za intaneti na programu za simu zinazosemwa kuwa ni za raia wa Maniema ya kusini, pamoja na wale wanaowalipa kwa kazi hiyo. Wanajenga vitu ambavyo raia hawezi kuvifungua, kiisha wanaandika katika ripoti kwamba raia amejulishwa.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe, na ambalo mimi pia nina kosa ndani yake.

Siku moja shirika moja, jina lake ninaliacha, lilituletea tangazo la kusoma redioni. Lilisema hivi: familia za wakimbizi wa ndani zilizoandikwa upande wa Kabambare zihakikishe kama majina yao yako kwenye orodha ya msaada; aliyesahauliwa ajaze fomu ya malalamiko; orodha na fomu viko kwenye siti ya shirika; siku ya mwisho ni Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Nililisoma tangazo mara tatu, asubuhi, saa sita na jioni, kwa sauti nzuri kama nilivyofundishwa kwenye mafunzo ya uandishi wa habari. Siti yenyewe sikuifungua kwanza. Hilo ndilo kosa langu, na nitalirudia hapo mbele.

Jumatano nilikuwa Kabambare kwa kazi nyingine. Watu walinitambua kwa sauti. Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Salamabila na watoto wake akanishika mkono: «Mwanangu, ni weye ulisema majina yetu iko kwenye intaneti. Sasa nionyeshe.»

Mama alikuwa na simu ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea tu. Nikatoa yangu. Pale tuliposimama rezo ilikuwa inakuja na kupotea, kwa hiyo tukapanda kilima ambacho vijana hupandia wakitaka kutuma ujumbe. Watu wengine wakatufuata, wakawa tisa kwa jumla. Nikafungua siti. Kwanza ikaanza kushuka picha kubwa ya watoto wanaocheka. Picha haikumalizika. Kioo kikabaki cheupe, na kile kiduara kikazunguka na kuzunguka. Mega zangu zikaisha, nikanunua uniti nyingine, nikaanza upya. Orodha ilipopatikana, ilikuwa faili moja nzito ya PDF, karatasi zilizopigwa picha moja moja, kiasi kwamba huwezi hata kutafuta jina. Lazima usogeze kioo kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Fomu ya malalamiko ilikuwa ya Kifaransa, tena ilidai anwani ya barua pepe. Bila barua pepe haiendi mbele. Kati ya watu wale tisa hakuna aliyekuwa nayo.

Mpaka betri inazimika, watu wawili tu ndio walioweza kutuma malalamiko yao, kwa anwani yangu mimi. Mama yule hakuwa kati yao. Ijumaa ikafika, fomu ikafungwa.

Kilichoniudhi zaidi kilikuja baadaye. Katika mkutano mmoja nilisikia kwa masikio yangu kwamba malalamiko yaliyopokewa yalikuwa machache sana, na kwamba hiyo inaonyesha orodha ilifanywa vizuri. Ndugu zangu, hapo ndipo siti mbaya inakuwa hatari. Mlango ukifungwa kwa kufuli, kila mtu anaona kwamba umefungwa. Siti isiyofunguka haionekani kuwa imefungwa. Mwenye ofisi anaona tu kwamba hakuna aliyebisha hodi, na anafikiri ndani ya nyumba zetu kuna amani.

Siti mbili

Kwetu hapa neno siti lina maana mbili. Kuna siti ya wakimbizi, mahali ambapo watu wanapiga mahema na kujenga vibanda. Na kuna siti ya intaneti. Wakimbizi wengi wa Kasongo na Kabambare hawaishi kwenye siti ile ya kwanza. Wanaishi kwa familia zilizowapokea, wanakula sombe kutoka shamba moja na wenyeji wao, wanalala wengi katika chumba kimoja. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuwahesabu, na ni rahisi kuwasahau. Mtu aliye ndani ya nyumba ya shemeji yake haonekani kutoka barabarani.

Basi kwa watu kama hao siti ya intaneti ingeweza kusaidia sana. Ingeweza kuwafikia pale walipotawanyika. Sisemi kwamba intaneti ni mchezo wa watu wa mjini. Nasema kinyume chake: kwa sababu ni kitu muhimu, mtu anayeijenga ovyo anakosea kama vile mtu anayejenga daraja la mbao mbovu na kuandika juu yake «Zawadi kwa wakaaji».

Tupige hesabu

Wajenzi wa siti wanapenda hesabu. Tupige hesabu pamoja nao.

Ukurasa wa megabaiti 6 siku hizi si kitu cha ajabu. Weka picha kubwa tatu, video ndogo inayocheza yenyewe na ramani, umefika. Kila megabaiti ni kilobiti 8.000. Kwa hiyo megabaiti 6 ni kilobiti 48.000. Sasa chukua rezo ya 2G ya mlimani, inayopitisha, tuseme, kilobiti 40 kwa sekunde kama hali ya hewa ni nzuri na watu si wengi. Gawanya. Utapata sekunde 1.200, yaani dakika 20. Hapo ni kama rezo haijakatika hata mara moja, na wewe umesimama juu ya kilima na simu mkononi kwa dakika zote 20 bila kugeuka.

Sasa chukua makala haya unayosoma. Ni marefu, lakini maneno yake yote hayazidi kilobaiti 20. Kwa rezo ileile yatashuka kwa sekunde 4 hivi. Orodha ya majina 1.000 iliyoandikwa kwa maneno, bila picha, nayo haiwezi kuwa nzito kuliko picha moja ya simu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba intaneti ya Kabambare ni mbovu na basi. Ndiyo, ni dhaifu. Lakini hata intaneti dhaifu inapitisha maneno. Kinachoshindwa kupita ni mizigo yenu.

Na mizigo hiyo ni nini? Nilimwuliza kijana mmoja anayejua kazi hiyo anionyeshe ndani ya ukurasa mmoja. Mlikuwa na herufi za mapambo zinazoagizwa kutoka mashine ya mbali, ingawa kila simu ina herufi zake tayari. Mlikuwa na programu za kuhesabu wageni, ili bosi ajue ni wangapi wamefungua. Mlikuwa na vitufe vya mitandao mitano ya kijamii. Mlikuwa na picha iliyopigwa kwa kamera kubwa, yenye upana wa kujaza ukuta, halafu ikabanwa ionekane ndogo kwenye kioo cha simu. Lakini uzito wake ulibaki uleule, kama mtu anayekunja gunia la mchele akidhani limepungua kilo. Na kila kitu kinatoka mashine tofauti, kwa hiyo simu inabisha hodi huku, inangoja, inabisha hodi kule, inangoja tena. Habari yenyewe, ile aliyoifuata mama, ilikuwa mistari kumi.

Tangu mwaka 2010, Mmarekani Ethan Marcotte alipoandika kuhusu kurasa zinazojipanga zenyewe kufuata upana wa kioo, wajenzi wanajisifu: «Siti yetu inafaa kwa simu.» Wazo lake lilikuwa zuri. Lakini wengi walishika nusu tu. Ukurasa unaweza kutoshea kioo cha simu vizuri kabisa, na bado ukamaliza mega za wiki nzima. Kutoshea kioo ni jambo moja, kutoshea mfuko ni jambo lingine.

Nani analipa?

Anayelipa ni raia. Mjenzi yuko Kinshasa, Goma, Nairobi au Ulaya, ofisini, na intaneti inalipwa na kazi. Kwetu kila megabaiti inatoka kwenye falanga za mchele na mafuta ya mawese. Kuchaji simu pia ni kulipa, kwa mwenye pano ya jua au mwenye jenereta. Na muda wa kupanda kilima ni muda ulioondolewa shambani. Waswahili walishasema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tena tusisahau. Kuanzia Septemba 2020 serikali ilitutoza ada ya kuandikisha simu, ile RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa kutoka uniti za mtu. Raia wa nchi nzima walipiga kelele, na mwaka 2022 ikafutwa. Kelele ile ilikuwa ya haki, maana watu walikuwa wakikatwa pesa bila kuona huduma. Mimi nauliza: kurasa nzito zinazotumaliza mega bila kutupa habari zina tofauti gani na ada ile? RAM angalau ilikuwa na jina, tukaweza kuilalamikia kwa jina. Hii haina jina, na hakuna anayeipigia kelele.

Majibu yao, na yetu

Nimewahi kuzungumza na wajenzi wawili watatu. Si watu wabaya. Nitaweka majibu yao hapa kwa haki, kisha nitajibu.

La kwanza: «Sisi tunafanya anachotaka mwenye pesa. Anataka picha, anataka rangi, anataka nembo yake ionekane.» Ni kweli. Lakini fundi wa nyumba akiambiwa na mwenye nyumba ajenge bila msingi, fundi mzuri anakataa au anaeleza. Mwambie mwenye pesa hivi: mfadhili aliye Ulaya ana ukurasa wake, raia aliye Kabambare ana wake. Picha za watoto wanaocheka weka kwa mfadhili. Orodha na fomu weka kwa raia. Ni kazi ya siku chache tu.

La pili: «Ngojeni. Rezo itaboreka, simu za kioo zitashuka bei, tatizo litaisha lenyewe.» Labda. Lakini orodha ya msaada ilifungwa Ijumaa ile. Mtoto anayengoja unga hangoji mnara mpya. Na tena, rezo ikiboreka, ninyi mnaongeza uzito wa kurasa. Tumeliona hilo mjini. Anayekimbia na anayekimbizwa wanaongeza mwendo pamoja.

La tatu ndilo lenye nguvu zaidi, na wenzangu wa redio wenyewe wanalisema: «Kwa nini msitumie redio tu? Raia wa kijijini hana haja na siti.» Naipenda redio, ndiyo kazi yangu. Lakini redio ina mipaka yake. Nikisoma majina 1.000 hewani, aliyekuwa kisimani wakati jina lake linapita hatalisikia tena. Redio haiwezi kupokea fomu. Redio haibaki na ushahidi wa nani alilalamika siku gani. Maandishi yanabaki. Kijana mmoja kijijini mwenye simu ya kioo anaweza kuwasomea watu ishirini, ikiwa tu ukurasa unafunguka. Tunahitaji redio pamoja na siti, kila moja ibebe kile nyingine isichoweza kubeba.

Tena, kama wangesema haiwezekani, ningenyamaza. Lakini inawezekana, na ushahidi uko karibu.

Angalieni wale mawakala wanaopita nyumba kwa nyumba kutuuliza maswali kwa simu au tableti. Wengi wanatumia programu inayoitwa KoboToolbox, iliyotoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Uzuri wake ni huu: inafanya kazi bila rezo. Wakala anajaza majibu kijijini, simu inayahifadhi, na akifika penye rezo yanaondoka. Kwa hiyo wanajua! Wanajua kabisa kwamba kwetu rezo inakatika, na wamejijengea wenyewe chombo kinachovumilia. Anayeuliza maswali amepewa chombo kinachongoja rezo. Anayeulizwa, yule mwenye njaa, amepewa ukurasa unaodai rezo sasa hivi au basi. Hapo si suala la ufundi. Ni suala la kujua nani anahesabiwa kuwa muhimu.

Angalieni pia M-Pesa. Ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na hapa Kongo mwaka 2012. Mama wa sokoni anatuma pesa kwa simu ya vitufe, bila mega hata moja, kwa nyota na namba tu. Pesa ni kitu nyeti kuliko fomu ya malalamiko. Kama pesa zinapita kwenye simu ile ndogo, malalamiko yanashindwaje?

Na Wakenya walifanya jingine. Januari 2008, wakati wa machafuko baada ya uchaguzi, vijana wachache walijenga kwa siku chache chombo walichokiita Ushahidi. Mtu alituma SMS au ujumbe wa intaneti kueleza alichokiona, na kikaonekana kwenye ramani. Walianza na simu ambayo watu walikuwa nayo mkononi. Hawakuwaambia watu waliokuwa wanakimbia wakanunue simu nyingine kwanza.

Lugha

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inasema Kifaransa ni lugha rasmi na inataja lugha za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Serikali inatakiwa kuziendeleza bila ubaguzi. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Redio Okapi, tangu ilipoanza mwaka 2002, inasema na Wakongo kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Basi fomu ya mkimbizi wa Kabambare iko kwa Kifaransa peke yake kwa sheria gani?

Na Kiswahili chenyewe kiwe kile tunachosema. Niliwahi kuona programu moja iliyotafsiriwa na mashine. Kitufe kiliandikwa «Wasilisha». Hapa tunasema «tuma», mtu yeyote anaelewa. Pengine waliandika «nywila»; sisi tunasema «neno la siri». Siwalaumu ndugu zetu wa Tanzania, ni Kiswahili chao kizuri. Lakini mkimbizi anayeogopa kukosea hawezi kubonyeza neno asilolijua. Anarudisha simu na kusema, «Andika weye.» Na hapo siri yake imeshakuwa ya mtu mwingine.

Usalama

Jambo hili nalisema kwa sauti ya chini, lakini ndilo zito kuliko yote. Orodha ile niliyoifungua mlimani ilikuwa na jina la mkubwa wa familia, idadi ya watoto, kijiji alikotoka, na mahali anapolala sasa. Mtu yeyote duniani angeweza kuifungua, ila watu wenyewe. Sisi tunaoishi hapa tunajua kwa nini watu walikimbia. Tunajua kuna wanaotafutwa. Tunajua kuna mwanamke aliyemwacha mume mwenye bunduki porini. Kuweka jina lake na nyumba ya mwenyeji wake kwenye intaneti ni kumwonyesha adui njia.

Mtaniuliza: sasa unataka orodha ionekane au isionekane? Nataka kila familia iweze kuona habari yake yenyewe, na isiweze kuona ya wengine. Familia zinapoandikwa zinapewa jetoni yenye namba. Basi mtu atume ile namba kwa SMS na ajibiwe: «Uko kwenye orodha» au «Hauko, fanya hivi na hivi.» Jibu la namna hiyo linaenea katika herufi 160 za SMS moja, na halimtaji mtu.

Kosa letu sisi

Nilisema nitarudia kosa langu. Kwanza, nilitangaza siti bila kuifungua. Tangu siku ile nimejiwekea sharti: mtu akileta tangazo linalotaja siti au programu ya simu, naifungua kwanza kwa simu yangu, kwa rezo yetu, mbele yake. Isipofunguka, natangaza tu kama ameleta na njia nyingine ya kumfikia raia. Nawaomba wenzangu wa redio za Kasongo, Kabambare, Samba, Salamabila na kwingineko tufanye hivyo pamoja. Mmoja akikataa peke yake, tangazo litapelekwa redio ya jirani.

Pili, ukurasa wetu huu unaousoma. Tulipouanza tulikuwa na tamaa ya kufanana na magazeti makubwa. Tuliweka picha moja kwa moja kutoka kwenye simu, megabaiti tatu, nne kila moja. Kijana mmoja wa upande wa Kipaka akaniandikia kwamba yeye hajawahi kufungua makala hata moja. Anangoja rafiki yake wa mjini ayanakili maneno na kumtumia kwa WhatsApp. Niliona aibu. Sasa picha tunazipunguza mpaka kilobaiti 60 hivi, habari nyingi zinatoka bila picha, na hakuna kitu kinachocheza chenyewe. Waliozoea picha walilalamika mwanzoni. Walio mbali walianza kusoma.

Tunachodai

Kwa hiyo, kwa shirika, ofisi ya serikali au mjenzi yeyote anayesema anafanya siti kwa raia wa Kasongo na Kabambare, madai yetu ni haya.

1. Ukurasa wa raia usizidi kilobaiti 100. Maneno yatangulie. Picha ije kwa anayeiomba.

2. Orodha na matangazo yaandikwe kwa maneno. Msitupe picha za karatasi.

3. Fomu isidai barua pepe. Ihifadhi alichoandika mtu rezo ikikatika, kama vile programu ya mawakala wenu inavyofanya.

4. Kila kitu kinachopatikana kwa simu ya kioo kipatikane pia kwa simu ya vitufe, kwa SMS au kwa nyota na namba, bila kulipisha raia.

5. Lugha iwe Kiswahili cha hapa, kilichosomwa na mtu wa hapa kabla ya kutolewa.

6. Majina ya wakimbizi yasiwekwe wazi. Namba ya jetoni inatosha.

7. Siku ya mwisho ihesabiwe kwa mwendo wa raia: siku za sokoni, mvua, na safari ya kwenda penye rezo. Siku tano hazitoshi.

8. Maneno yaleyale ya siti yaletwe redioni na yabandikwe ukutani, kwenye zahanati, kanisani, msikitini na kwa mkubwa wa kijiji.

9. Kabla ya kufungua siti, mjenzi aje huku, au atume mtu, awape simu mama watano na wazee watano, kiisha akae kimya aangalie. Asiwaelekeze. Pale watakaposhindwa, ndipo penye kosa, na kosa ni la mjenzi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mashine ya bei kubwa. Ukurasa mwepesi ni rahisi kuujenga na ni rahisi kuulinda. Kinachodaiwa ni unyenyekevu wa kuuliza kwanza.

Kwa vijana wetu wanaojifunza kompyuta Kasongo na Kindu, nawaambia: kazi hii inawangojea ninyi. Mnaijua rezo yetu, mnaijua lugha yetu, mnajua kilima kipi kina rezo saa ngapi. Msijifunze tu kuiga siti nzuri za Kinshasa na Ulaya. Jifunzeni kujenga ile ambayo mama yako anaifungua mwenyewe.

Kwa familia za wakimbizi: siti ikikataa kufunguka, msidhani mmeshindwa ninyi. Msiseme «mimi sijasoma». Nendeni kwa mkubwa wa kijiji, kwa kamati yenu au kwa redio, mseme: tulijaribu, haikufunguka, siku fulani, mahali fulani. Andikeni tarehe. Tutayasoma hewani, ili siku nyingine mtu asisimame mkutanini kusema kwamba malalamiko yalikuwa machache.

Na kwa mama yule wa mlimani, kama mtu atamsomea maneno haya: Mama, uliniomba nikuonyeshe jina lako, na sikuweza. Deni hilo nimelikubali. Nitaendelea kuuliza mpaka waliokuandika wanijibu.

Mwandishi wenu wa redio, Kasongo